Mafuta Huelea

Mchele wa yule mzee sikuwahi kuufurahia, na niliula miaka mingi. Alikuwa akitoka Wang'uru kila baada ya mavuno, gunia dogo begani, pishori ile ambayo ukiipika majirani wote wanajua, na alikuja moja kwa moja hadi mlango wa maabara yetu hapa Nyeri. Mdomo wake ulikuwa umekwenda upande. Jicho la kushoto halikufunga vizuri, kwa hiyo lilitoa machozi hata alipokuwa akicheka. "Daktari," angeniambia, "mimi niko na uzima juu yako." Mimi si daktari, sijawahi kuwa, na uzima wake sikumpa mimi. Nilichompa ni ule mdomo.

Nitaeleza, maana nimezeeka, na mficha maradhi kilio humfichua. Yangu hayakuwa maradhi ya mwili, lakini kilio kilikuja vilevile.

Nilikuwa mtu wa maabara katika hospitali ndogo ambayo sitaitaja. Haipo tena, mara ya mwisho nilipopita pale jengo lilikuwa ghala la mbolea, na dirisha langu limezibwa kwa bati. Ilikuwa miaka ile baada ya uhuru ambapo Wazungu wenye hospitali walikuwa wamefunga virago, tukaachiwa funguo na kuambiwa haya, sasa ni yenu. Daktari alikuwa mmoja. Alipasua asubuhi, akaona wagonjwa mchana, jioni akainamia jenereta na bisibisi mkononi. Mimi nilipima damu, mkojo na choo, nikatafuta malaria kwa watu waliopanda kutoka mashamba ya mpunga, na nilikuwa na ulimi mkali kwa yeyote aliyegusa hadubini yangu. Bado ninao. Vijana wa maabara wa siku hizi wana mashine inayowaambia jibu, halafu wanalalamika ati wamechoka. Wacha nisiseme.

Donge likitolewa mwilini mwa mtu, hatukuwa na wa kulisoma. Kulisoma donge si kulitazama kwa macho. Linakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, vinatiwa rangi, na mtu aliyesomea kazi hiyo miaka na miaka anaviinamia kwenye hadubini na kusema hizi ni seli za nini na zina nia gani. Mtu huyo alikuwa Nairobi. Kwa hiyo kila Alhamisi tulipeleka sanduku kwa basi la asubuhi, chupa zimepangwa katikati ya majani makavu ya migomba, kila moja na kipande chake cha nyama ndani ya fomalini, ile dawa inayozuia nyama kuoza na inayokutoa machozi ukifungua kifuniko. Juu ya chupa palikuwa na plasta yenye namba ya penseli. Ndani ya sanduku palikuwa na orodha: namba moja, titi, mwanamke, namba mbili, shingo, mtoto. Majina hatukutuma.

Nusu ya kila donge ilibaki kwetu. Tulikuwa tumepoteza sanduku mara mbili barabarani, na ukishamwambia mama mzima ati uvimbe wake umeshukia Murang'a na kuku wa watu, hutaki kumwambia tena. Basi nikaanzisha mtindo: nusu iende, nusu ikae kwenye chupa ya jamu, na jina la mwenyewe kamili, ndani ya kabati lililo chini ya dirisha. Nilijivunia sana kabati hilo. Wageni walipokuja nililifungua wakaona.

Sasa, habari ya namba. Sisi watu wa huku saba hatuipendi. Watoto wetu hawajui tena, lakini mzee wa zamani hakukuambia ana mbuzi saba hata kama unawaona hapo wanakula. Aliyebandika namba kwenye chupa alikuwa mzee wa thieta, mtu wa kuchemsha vyombo na kupokea kinachotoka chini ya kisu. Alikuwa mzee wa kanisa, akiimba besi mpaka madirisha yanatetemeka, na hakukosa Jumapili hata moja. Lakini saba hakuiandika. "Nyama ya mtu aliye hai," aliniambia, "niiandikie hiyo namba? Nitakuwa namtakia nini?" Akishaandika sita, chupa iliyofuata aliipa nane.

Sikubishana naye. Kila Jumatano alasiri niliketi na kifutio na rejista ya thieta, nikafuta nane nikaandika saba, nikafuta tisa nikaandika nane, ili chupa zilingane na orodha. Wiki nyingi hatukufika saba hata. Ilikuwa mzaha wetu, nikimwita nabii, naye akiniita mpagani.

Dada yangu alikuwa ameolewa Gakindu, huko Mukurweini, kwenye kahawa. Ndiye aliyenilea. Mama yetu alikufa nikiwa sijaanza kunyoosha goti, na huyu msichana wa miaka kumi na mmoja akanifunga mgongoni akaendelea na kuteka maji. Kwa kuwa nilichukua jina la babu yetu, aliniita Guka, yaani Babu, tangu nikiwa mtoto mchanga. "Guka amekojoa." "Guka amekataa uji." Hata nilipokuwa mtu mzima mwenye koti jeupe, angeingia maabara akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Guka, umekula?" Nilijifanya kukasirika. Nilimpenda kuliko mtu yeyote duniani, na sikumwambia, kwa sababu kwetu hayo hayasemwi.

Alipata donge kwenye shavu la mguu wa kulia. Halikumuuma. Aliligundua akijipaka mafuta baada ya kutoka shambani, akadhani ni kisiki cha kahawa kilimgonga. Kila nilipokwenda Gakindu nilikuta limeongezeka kidogo, gumu, chini ya ngozi, kama yai la kware. Nilimsumbua mwaka mzima aje. "Nitakuja tukimaliza kuchuma," alisema, na kahawa, kama mtu yeyote wa Mukurweini atakavyokuambia, haimalizwi. Mwishowe nilimtishia kwamba nitakuja na ambulensi imchukue mbele ya watu wa kiwanda cha kahawa. Akaja kwa hasira, na ndizi kikapuni.

Daktari alilitoa siku ya Jumanne. Siku hiyo hiyo, aliyefuata mezani alikuwa mkulima wa mpunga kutoka Wang'uru, mwenye uvimbe laini chini ya sikio la kushoto, aliokuwa nao miaka na ambao mke wake alichoka kuutazama. Kwa kawaida mimi ndiye nilikata madonge nusu kwa nusu. Siku ile nilipoona nyama ya dada yangu ndani ya bakuli nilishindwa. Nilimwambia mzee wa thieta akate yeye, aweke nusu kwenye chupa za safari na nusu kwenye chupa za kabati, na nikatoka nje nikasimama kando ya tangi la maji. Jumatano nilirudi na kifutio changu. Chupa zilikuwa nane wiki ile. Ya dada yangu mzee alikuwa ameiandika nane, nikaigeuza saba. Ya mkulima aliiandika tisa, nikaigeuza nane. Sikutazama ndani ya yoyote. Nilifuta, nikaandika, nikafunga sanduku.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu, kwa mwandiko wa daktari wa Nairobi aliyesoma vipande vyetu miaka yote, mama mmoja ambaye sikuwa nimewahi kumwona ila nilimjua kwa wino wake wa samawati. Namba nane, aliandika, ni mafuta tu ya mwili, hayana neno. Namba saba ilikuwa na maelezo marefu. Uvimbe huu, alisema, una sura ya uvimbe wa tezi ya mate, ule wa mchanganyiko, na seli zake zina haraka kidogo ambayo siipendi. Lakini orodha yenu inasema umetoka mguuni. Mguuni hakuna mate. Tafadhali hakikisheni kama chupa namba saba na namba nane hazikubadilishana.

Niliisoma nimesimama. Saba na nane! Nilihisi kama mtu aliyefunguliwa kamba shingoni. Kumbe! Ni ile namba ya mzee, na kifutio changu. Nilifuta kwa haraka, kichwa changu kikiwa kwa dada, bila shaka nikazichanganya. Uvimbe wa tezi ya mate umetoka chini ya sikio, mahali tezi ya mate ilipo, kwa mkulima wa Wang'uru. Mafuta yametoka mguuni kwa dada yangu. Kila kitu kilikaa mahali pake. Nitasema wazi kwa sababu sina wa kumficha tena: nilifurahi. Yule mkulima alikuwa mtu, alikuwa na mke na watoto, na nilifurahi kwamba ni yeye.

Daktari wetu aliniuliza swali moja tu. "Wewe ndiye mwenye chupa. Zilibadilishana?"

"Ndiyo," nikasema.

Nilimwendea mzee wa thieta na barua mkononi. Nilimtukana mbele ya wauguzi. Nilimwambia ushirikina wake utaua watu, kwamba mtu wa kanisa anaogopa namba kama mtoto anayeogopa chura, na mengine ambayo siyaandiki. Alisimama na taulo begani, akangoja nimalize. Halafu akasema kwa upole, "Lakini nusu zingine ziko kwa kabati. Hizo niliandika majina, si namba. Si tuangalie?"

Ilikuwa hatua kumi na mbili kutoka pale tuliposimama hadi kwenye kabati. Nilimwambia asinifundishe kazi. Wiki hiyo hiyo, kwa neno langu, alihamishwa akapelekwa kwenye chumba cha kufua mashuka, na huko akabaki hadi alipostaafu.

Kwa nini sikufungua kabati? Nimejiuliza swali hilo nikilisha ng'ombe, nikiwa kanisani, nikinyolewa. Wakati mwingine najiambia nilikuwa na hasira. Wakati mwingine najiambia nilikuwa na kazi nyingi. Uongo mtupu. Sikufungua kwa sababu nilikuwa nimeshapata jibu nililolitaka.

Nilikwenda Gakindu mwenyewe kumpa dada habari njema. "Ni mafuta," nilimwambia. "Mafuta tu ya mwili."

Alinitazama, akajitazama mikono iliyokonda kwa kazi, akaangua kicheko. "Mafuta! Mimi? Mwili mzima yamekosa pa kukaa, yakaamua kujificha mguuni? Na yakawa magumu hivyo?" Alinichekesha, nami nikacheka naye. Yeye, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la tatu, aliona kilichonishinda mimi na cheti changu ukutani. Kisha akanipa uji, kwa kuwa yeye hakuweza kuona mtu amekaa bila kumpa kitu.

Mkulima wa Wang'uru alipelekwa hospitali kubwa. Uvimbe wa aina ile ukiwa kwenye tezi ya mate, haitoshi kuchomoa donge. Tezi yenyewe inatolewa, la sivyo unarudi. Mshipa wa fahamu unaochezesha uso unapita katikati ya tezi hiyo, na siku ya upasuaji mshipa haukupona. Alirudi kwetu uso umegawanyika, nusu mzee wa makamo, nusu mtu aliyelala. Karatasi ya hospitali kubwa ilisema kwamba ndani ya tezi waliyoitoa hawakuona uvimbe wowote. Daktari wetu akasema vizuri sana, basi ulikuwa umekwisha wote mara ya kwanza. Sote tukaridhika. Tulimweleza mkulima kwamba amewahi, kwamba angechelewa kidogo tu angekuwa mtu wa kuzikwa. Akalia kwa jicho moja kwa furaha. Msimu uliofuata akaja na gunia.

Ikapita miaka miwili. Kahawa ilipanda bei sana siku hizo, Gakindu nzima ikaezeka mabati, na dada yangu akawa na haraka zaidi ya kawaida. Nilipomtembelea alivaa soksi ndefu za shule za mwanawe, nikamtania kwamba sasa ameingia darasa la nne. Alikuwa na kikohozi. Nilimwambia anywe maji ya tangawizi. Mungu wangu, tangawizi!

Siku aliyoniita mwenyewe, nilijua kabla sijafika. Hakuwa mtu wa kuita. Nilimkuta ameketi kitandani, mguu umeinuliwa, akashusha soksi. Palepale penye kovu palikuwa na donge kama ngumi, ngozi juu yake imekuwa ya zambarau na kung'aa, na kwenye kinena kulikuwa na jingine.

"Tangu lini?" nikamwuliza. Sauti ilitoka kali, kama ilivyo kawaida yangu ninapoogopa.

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Na hukusema?"

Alinishangaa kweli. "Guka, si ulisema ni mafuta?"

Nilirudi Nyeri sijui kwa njia gani. Niliingia maabara na koti la mvua likiwa bado mwilini, nikapiga goti mbele ya kabati. Chupa zilikuwa zimesukumwa nyuma na chupa za miaka iliyofuata. Niliipata ya mkulima kwanza, jina lake kwa mwandiko mzito wa mzee wa thieta. Nilipoiinua tu, nyama ile ilipanda juu ya dawa ikakaa hapo, ya manjano, nyororo. Mafuta huelea. Kila mtu aliyewahi kupika mchuzi anajua kwamba mafuta huelea. Kisha nikaitoa ya dada yangu. Kipande kilikuwa kimelala chini kabisa ya chupa, kizito, cheupe kinachoelekea buluu, kinang'aa kama gegedu ya goti la mbuzi. Sikuhitaji hadubini. Mfagiaji angeona. Mzee wa thieta alitaka kuona, nikamfukuza.

Nilikaa sakafuni. Msichana wa kufagia alikuja akaniuliza kama nimeanguka.

Nilipeleka chupa ile Nairobi mwenyewe, ndani ya kikapu, imefunikwa kwa gazeti. Yule mama wa wino wa samawati alikuwa mdogo wa umbo, mwenye miwani mizito na sweta lililotoboka kiwiko. Alichukua kile kipande, akatafuta katika masanduku yake kile kioo cha zamani chenye vipande vya namba saba, na siku iliyofuata akanikalisha mbele ya hadubini yenye macho mawili-mawili, yake upande huu na yangu upande ule, akanionyesha.

Alinieleza kama mwalimu mzuri. Tezi ya jasho na tezi ya mate, alisema, ni ndugu wa tumbo moja. Kila moja imezungukwa na seli nyembamba zinazoikumbatia kwa nje na kuikamua, kama mkono unavyokamua chuchu ya ng'ombe, ndipo jasho litoke au mate yatoke. Seli hizo za kukamua zikiasi, uvimbe zinaoutengeneza una sura ileile popote ulipo, uwe chini ya sikio au ndani ya nyama ya mguu. Niliziona. Zilikuwa zimejipanga nyuzi nyuzi ndani ya kitu kama ute wa buluu, nzuri kuzitazama, na hilo liliniudhi kuliko yote. Una jina lake refu, akasema, mayoepithelioma. Kwenye ngozi ni nadra, kwenye nyama ya ndani ni nadra zaidi. Yeye katika maisha yake alikuwa ameuona mguuni mara moja kabla ya huu, kitabuni. Nyingi ni pole. Chache zina haraka.

"Kwa hiyo hata wewe hukuamini," nikasema. Nilikuwa natafuta wa kubeba naye.

Alivua miwani akaifuta kwa sweta. "Sikuamini, ndiyo maana niliuliza. Lilikuwa swali. Nilitaka ukaangalie."

Nilimwuliza ingekuwaje kama ningeangalia. Hakutaka kujibu. Nilimshikilia, nikamwambia mimi ni mtu wa maabara, asinifanyie siasa. Akasema wakati ule wangerudi wakakata nyama pana kuuzunguka, pengine mguu chini ya goti, na wengi wangekaa miaka. Na sasa? Nilikuwa na picha ya kifua ya dada kikapuni. Aliiinua dirishani. Mapafu yote mawili yalikuwa na madoa ya duara, mengi, kama mvua ya mawe imetua hapo. Aliishusha, akaniuliza kama nimepata chai.

Dada nilimwambia mwenyewe. Nilimwambia yote: barua, saba na nane, kabati, mzee wa thieta na swali lake. Nilimwambia kwamba nilifurahi siku ile. Alikuwa amelala wodini kwetu, wamemtoa maji kifuani. Aligeuka ukutani, na nilipomletea chakula jioni alimwambia muuguzi akitoe. Baada ya siku tatu aliomba kurudi kwake, na alipoondoka alinipita mlangoni kama vile mimi ni kitasa. Mwezi mzima na wiki mbili hakutaka nifike Gakindu. Nilituma uji wa wimbi, ukarudi. Nilituma dawa za maumivu, hizo akazipokea.

Kisha mwanawe akaja kuniita. Nilimkuta nje juani, juu ya kigoda, amejifunga blanketi, anachambua kahawa mbichi kwenye gunia lililotandikwa chini, nyekundu huku, kijani kule. Mikono ilikuwa imebaki mifupa. Alichambua muda mrefu akihema, mimi nimesimama.

"Na yule mwingine?" akauliza. "Yule wa mpunga."

Nikamwambia yuko. Mdomo umepinda, lakini yuko. Nikamwambia kila msimu ananiletea mchele akinishukuru kwa kumponya, na kwamba nimeamua nikienda Wang'uru nitamwambia ukweli, kwamba hakuwa mgonjwa, uso wake ulipotea bure.

"Ukimwambia atapata nini? Uso?"

Niliokota kahawa moja iliyoviringika, nikairudisha guniani.

"Usimwambie," akasema. "Wewe unataka kutua mzigo, ndiyo maana. Kaa nao. Acha kuwe na mmoja kati yetu aliyepona." Kisha akasogeza gunia kidogo kwa mguu mzima, akanionyesha kigoda kingine. "Keti uchambue, Guka. Za kijani zinaharibu bei."

Niliketi nikachambua. Hatukuzungumza habari hiyo tena. Alikufa kabla ya mvua za masika, mchana, akikohoa, mimi nimemshika mgongo, na hakuna lolote katika kazi yangu yote lililonisaidia kumpunguzia hata pumzi moja ya shida. Watu husema marehemu wao walikufa kwa amani. Yeye hakufa kwa amani. Alitaka hewa mpaka mwisho.

Mzee wa thieta alikuja mazishini na akaimba besi. Nilimwendea baadaye, nyuma ya nyumba, nikaanza kumwomba msamaha, akanikatiza. "Najua," akasema. "Nilijua siku ile ile. Baada ya wewe kwenda nilifungua kabati."

Nilimshika koti. "Na hukusema?"

"Nilisema mara moja," akajibu. "Ukanikumbusha mimi ni mtu wa kufua mashuka." Akaenda zake kupanga viti.

Watu walikuwa wengi, na chakula kilikuwa kimeanza kupunguka pale nilipomwona anapanda kilima kutoka barabarani, polepole, na safari hii gunia halikuwa dogo. Lilikuwa gunia zima, limebebwa na punda wa kukodi kutoka sokoni. Alikuwa amesikia kwa watu wa hospitali kwamba daktari amefiwa na dada. Hakuniuliza amekufa na nini. Alivua kofia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, jicho likitiririka, na kwa ule mdomo wangu akasema, "Ningewezaje kukosa? Kama si wewe, mimi ndiye ningekuwa nimelazwa pale."

Wanawake waliupokea mchele wakauweka motoni. Harufu yake ilijaa uwanja mzima mpaka kaburini, ambako vijana walikuwa bado wanasawazisha udongo. Ulipoiva, hakukubali nipakuliwe na mtu mwingine. Alileta sahani mwenyewe, imejaa, akanikalisha kwenye kigoda cha dada yangu, akasimama mbele yangu kuhakikisha nakula.

Nilikula. Nilipomaliza, aliniongeza.